Mejumaa wa Milango Miwili

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Sema wewe, sisi tupo!
— Pakawa na mtoto mmoja mwenye milango miwili.

Basi sogeeni, walio nyuma nao wasikie. Hapo kale, zama ambazo Fisi alivaa kanzu na watu wakamwamkia njiani, palikuwa na msichana akiitwa Mejumaa. Mama yake, Bi Tunu, alikaa mjini, karibu na pwani. Bibi yake mzaa baba, Bibi Masika, alikaa kilimani, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mvua zikianza, Mejumaa hupelekwa kilimani. Mavuno yakiisha, hurudishwa mjini. Kilimani alilima, akachunga, akakata kuni. Mjini alisoma, akapika kwa nazi, akapita vichochoro vyote bila kupotea.

Watu hawakupendezwa. Wa mjini walisema ananuka moshi. Wa kilimani walisema ana mikono laini. Wote wakamwita Nusunusu. Mama yake mdogo, Siwema, ndiye aliyekereka zaidi. Kila mara alimwambia Bi Tunu, "Dada, mtoto si kitambaa ukamkata vipande viwili. Mweke hapa mjini, awe mtu."

Bi Tunu hujibu polepole, mkono haukomi kupepeta mchele, "Simkati, Siwema. Naunga."

Mwaka mmoja Mejumaa akafika kilimani na mzigo wake kichwani, akamkuta Bibi ameketi kizingitini. Hakuinuka kumpokea. Zizini alibaki mbuzi mmoja tu, yule wa maziwa.

Mejumaa akauliza wengine wako wapi. Bibi akaeleza. Fisi alikuja mchana kweupe, kanzu nyeupe, kofia kichwani, salamu ndefu. Na mila ya kilimani mnaijua? Mgeni hutaja anachotaka mbele ya majirani. Mwenyeji husema, "Umepata." Neno hilo likishatoka, halirudi. Mgeni naye akishapokea kwa mikono miwili, haki yake imekwisha. Fisi alitaka mbuzi, akapata. Akaja tena, akataka mbuzi, akapata. Leo anarudi mara ya tatu.

"Huyu akienda, maziwa yameisha," Bibi akasema. "Itabidi nifunge nyumba nihamie kwa mama yako. Na wewe hutapanda tena huku."

Mejumaa hakulia. Alitua mzigo, akakaa, akafikiri. Kisha akamwomba Bibi amwachie yeye kumjibu mgeni.

Jua lilipokuwa utosini, Fisi akatokea. Majirani wakakusanyika. Fisi akasalimu kushoto, akasalimu kulia, akasema anataka mbuzi.

"Mbuzi tu?" akauliza Mejumaa.

"Mbuzi tu, mjukuu wangu."

"Hata bila pembe?"

"Pembe sizitafuni."

"Hata bila mkia?"

"Mkia mfupi ule, unampunguzia nani shibe?"

"Na meno yakiwa makali?"

Fisi akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akasema tangu azaliwe hajaona mbuzi akimng'ata mtu wa heshima kama yeye.

"Umepata," akasema Mejumaa.

Akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa ndani ya kanga. Fisi akapokea kwa mikono miwili. Akafungua. Mnadhani alikuta nini, watoto? Alikuta kibao cha kukalia chenye miguu ya kukunjwa, na mbele yake ulimi wa chuma wenye meno. Bi Tunu ndiye aliyekifunga mzigoni pamoja na nazi, mtoto akampikie bibi yake.

"Hiki nini?"

"Mbuzi," akasema Mejumaa. "Mbuzi wa kukunia nazi. Hukutaja mwingine."

Majirani wakatazamana. Kilimani hakuna minazi, na kitu hicho hawajawahi kukiona. Mmoja akasema ni kigoda. Mwingine akasema ni kigoda kilichokosewa. Fisi akapata nguvu. Akadai mtoto amesema uongo mbele ya mgeni. Likakatwa shauri: waende mjini, waulizwe watu watatu. Wote watatu wakisema ni mbuzi, Fisi ameshalipwa. Hata mmoja akikataa, Fisi atamchukua yule wa maziwa.

Wakashuka wote, Bibi na majirani pamoja. Wakatembea, wakatembea, wakatembea. Wakaingia mjini.

Wakamuuliza mkaanga samaki: hiki nini? Akasema mbuzi, na wasimchezee, mafuta yanaungua.

Wakamuuliza seremala. Akasema mbuzi, tena aliyemchonga alikuwa na haraka.

Fisi akataka wa tatu amchague mwenyewe. Akaangaza macho, akamwona mwanamke kasimama mlangoni, uso umekunjamana. Alikuwa Siwema.

Siwema akaelezwa kisa chote. Akakitazama kile kitu. Akamtazama Mejumaa na vumbi lake miguuni. Neno moja tu, akisema kigoda, mlango wa kilimani umefungwa, na mtoto atakaa mjini moja kwa moja. Si ndilo alilolitaka miaka yote? Akamtazama na yule bwana wa kanzu nyeupe aliyemwinamia kwa adabu. Mdomo wake ukafunguka: "Ki..."

Mejumaa akaweka kiganja mdomoni. Akalia kama mwanambuzi aliyepotezana na mama yake, sauti nyembamba, inayotetemeka, kama alivyozoea kulia huko malishoni kumrudisha mama mtu.

Masikio ya Fisi yakachomoza kwenye kofia. Udenda ukamwagika kifuani. Mkia ukainua kanzu nyuma, mtaa mzima ukauona.

Siwema akarudi nyuma hatua moja. Akafahamu neno lake alitaka kumpa nani.

"Mbuzi," akasema, sauti wazi. "Huyo ni mbuzi. Na wangu yuko jikoni, ana meno kuliko huyo. Nimlete?"

Fisi hakungoja. Alikimbia hata kanzu ikabaki kwenye msumari wa mlango, na mpaka leo anatembea bila nguo.

Bibi Masika akarudi kwa mbuzi wake wa maziwa. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Mejumaa alikuwa akifunga mzigo wake pale Siwema alipoingia, ameshika wanawe wawili, kila mmoja na kifurushi. Bi Tunu akawasogezea mkeka.

Siwema akainama sikioni kwa Mejumaa, akasema taratibu, "Ule mlio, mwanangu. Kawafundishe na hawa."

Hadithi imefika mlangoni. Wa mjini ampe wa shamba, wa shamba amrudishie wa mjini. Mimi nimeitua, nani ataibeba?
— Sisi!