Sheikh Aliyekosa Maswali

Imepokewa katika habari za waja wema kwamba katika nchi ya Yemen aliishi mwanachuoni mcha Mungu, Sheikh Mundhir bin Yaasir, aliyekuwa akisomesha fiqhi msikitini baada ya sala ya alasiri. Mwaka mmoja aliugua koo, akakaribia kufa, kisha Mola akamponya. Akarudi darasani.

Tangu hapo hakuna aliyemuuliza swali. Zamani walikuwa wakijadiliana naye hata adhana ya magharibi iwakatize. Sasa alisomesha, wakaitikia kwa vichwa. Akafunga kitabu, wakambusu mkono na kutawanyika. Sheikh, ambaye mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki na hakujaaliwa mtoto, alibaki peke yake juu ya jamvi. Alidhani elimu yake imewachosha. Mmoja mmoja wakapungua, naye hakuthubutu kuuliza sababu kwa kuogopa jibu. Akanuia kuacha kusomesha.

Alasiri moja alieleza mas'ala ya twahara, akawatazama na kuwauliza kama wamefahamu. Wakaitikia kwa vichwa kama kawaida yao. Hudhaifa tu, mwanafunzi wake wa miaka mingi, aliinamisha uso. Sheikh akamsogelea, akamuuliza ana nini. Kumwaibisha mwalimu mbele za watu lilikuwa jambo zito kwa Hudhaifa, lakini kusema uongo katika nyumba ya Mwenyezi Mungu lilikuwa zito zaidi.

"Sheikh wangu, niwie radhi. Tangu upone, sauti yako haitufikii. Huwa hatusikii unalosema."

Sheikh akaduwaa, kwani yeye mwenyewe aliisikia sauti yake vyema. "Mbona hamkuniambia?"

"Ulitufundisha kwamba kunyamaza mbele ya mwalimu ndiyo adabu."

Machozi yakamlenga yule mzee. "Mmenistahi, wanangu," akasema, "lakini mmeniacha peke yangu. Na njia hiyo niliwaonyesha mimi."

Akamwomba Mola wake maghufira, akawataka radhi na wao. Akawakalisha karibu naye, goti kwa goti, akawausia kwamba asiyesikia aseme na asiyefahamu aulize. Kisha akakianza kitabu upya, tangu bismillahi.

Waliokwisha kuondoka hawakurudi. Yasemekana Sheikh aliwaombea dua kwa majina yao hadi siku ya kufa kwake.

Basi, ewe unayesomesha nawe unayesoma, semezaneni. Huenda aliye mbele yako ananyamaza kwa haya, nawe wadhani amekuchoka. Mola atujaalie ulimi wa kuuliza na moyo wa kusikiliza.