Krismasi ya Kila Jioni

Hapo zamani, si zamani ya mbali, watu wanne walikuwa katika chumba kimoja huko Usangi. Alikuwapo Nakundwa Msuya, mjane, amelala kitandani na nyonga iliyovunjika. Alikuwapo Togolai Mbwambo, mwanawe wa kwanza, aliyetoka Mwanza. Alikuwapo Namkunda Mbwambo, binti yake, aliyetoka Dodoma. Namkunda, si Nakunda kama wengi wanavyomwita. Na karibu na mlango alikuwapo Kiangi Mshana, jirani, ambaye yeye na mkewe walikuwa na chumba kitupu.

Nakundwa akasema, "Siwezi tena kukaa peke yangu. Nitahamia kwa yule aliyekuwa akiniangalia. Haya, semeni."

Mkesha wa Krismasi iliyopita, ndugu hawa wawili walikuwa wamefunga mita kwenye bomba la mama yao. Kila bomba lilipofunguliwa, mita iliandika saa na kiasi cha maji, ikatuma habari kwenye kompyuta ya mbali. Kompyuta hiyo haisemi mpaka iulizwe, na anayeuliza hutaja muda: kuanzia lini hadi lini. Kila mmoja akaandika swali lake kwenye simu yake.

Togolai akaanza. "Mimi, Mama, nilikuangalia kila jioni. Kabla sijala nafungua simu, naona maji yanatumika, namshukuru Mungu."

Namkunda akaguna. "Kaka, mwambie uliandika nini."

Togolai akainama. Alikuwa ameandika: kuanzia Krismasi asubuhi hadi Krismasi usiku. Ilikuwa siku ya majaribio, nyumba imejaa watu, naye akaliacha swali vile vile. Kila jioni kompyuta ilimjibu alichouliza. Ilimwonyesha Krismasi ile ile.

"Sufuria za watu ishirini kila siku, hukushtuka?" akauliza Namkunda.

"Nilifurahi. Nilidhani Mama ana wageni."

"Wageni gani, mwanangu?" akauliza Nakundwa. "Tangu mwondoke sijaosha kikombe cha pili."

Namkunda akasogea kitandani. "Mimi sikuandika tarehe, Mama. Niliandika: kuanzia sasa, rudi nyuma siku moja. Hiyo 'sasa' kompyuta inaipigia hesabu upya kila mara. Nikaiambia, ikikuta siku nzima bomba halijafunguliwa, inipigie kelele. Ikanipigia. Nikampigia simu Kiangi papo hapo. Bila swali langu ungefia bafuni."

"Na kabla ya kelele," akasema Togolai, "ulimtazama lini?"

"Nitazame nini? Si mashine ilikuwa inatazama?"

"Mama yuko sakafuni, nawe unangoja siku itimie!"

"Nawe ulikuwa unakula pilau ya Krismasi!"

Kiangi akakohoa kidogo. "Mimi ndiye niliyevunja mlango, Mama Togolai. Nikakubeba mgongoni hadi barabarani."

"Ni kweli, Kiangi. Lakini zamani ulikuwa unapiga hodi kila asubuhi. Mbona uliacha?"

"Tangu kifungwe kile kidude. Nikasema, wenye mama wanamwona, mimi ni nani niende kuchungulia? Hata asubuhi ile uliyoanguka, niliona jikoni kwako hakuna moshi." Akajikuna kidevu. "Nikapita."

Nakundwa akawatazama mmoja mmoja: aliyeangalia kila jioni siku ambayo ilikwisha pita, aliyeuliza sawasawa asiangalie, na aliyekuwa karibu akawaachia wa mbali.

"Nitawajibu Jumapili," akasema. "Sasa nipeni maji ninywe."

Wote watatu wakainuka kwa pamoja.

Nakundwa Msuya alifariki Alhamisi, hajataja jina. Je, ninyi mnaonisikiliza, nani alikuwa akimwangalia?