Kwa Nini Ukoo wa Semeni Haupandwi Ukutani

Zamani, mwili ulipokuwa bado haujatulia katika desturi zake, ndani ya seli moja ya ini palikuwa na nyumba ndogo ya mviringo iitwayo peroksisomu. Ukuta wake ulikuwa utando mwembamba wa mafuta, na kazi ya humo haikuwa mchezo: kuyachoma mafuta yaliyowashinda wengine, kisha kuigeuza sumu iliyotokana na kazi hiyo iwe maji.

Siku hizo kila protini aliyejiheshimu alipandwa ukutani, kichwa nje, miguu ndani, asibanduke maisha. Semeni peke yake alikataa. Alijishikiza kwa nje tu, mkono begani mwa jirani yake Bi Kidawa, aliyepandwa kitambo. Wakamwita mdandiaji. Jina hilo lilimuuma.

Kaka yake, Mwinyikombo, alikuwa mchukuzi. Aliwabeba mafundi wa kugeuza sumu kutoka nje, akajipenyeza mlangoni, akawaingiza. Siku moja alimshusha fundi wake, na alipotaka kurudi akanasa, ukuta umembana kifuani. Mafundi wengine wakakwama nje, na ndani sumu ikazidi kupanda. Ukuta ungeanza kuungua, na Mwinyikombo angekuwa wa kwanza kuteketea.

Semeni aliwasihi waliopandwa wamvute. Walinyoosha mikono kweli, ila hakuna aliyemfikia, maana heshima yao ilikuwa imewafunga palepale. Basi akaliachia bega la Bi Kidawa, akauzunguka ukuta mbio hadi mlangoni, akashika bega la jirani wa pale, akamvuta kaka yake kwa nguvu zote mpaka akachomoka mzimamzima. Mafundi wakaingia. Sumu ikawa maji.

Wenye nyumba walimtengea Semeni nafasi katikati ya ukuta, na Bi Kidawa mwenyewe akambembeleza aikubali. Semeni alishukuru, kisha akasema, "Bi Kidawa, nikipandwa na mimi, akinasa mwingine atavutwa na nani?"

Bi Kidawa alimsogezea bega.

Na tangu siku hiyo ukoo wa Semeni hujishikiza tu kwa nje ya ukuta ule. Maabarani, ukiwamwagia maji ya chumvi hubanduka mara moja, na wasiojua huwacheka. Wacheke. Hivi sasa unavyosikiliza, ndani ya ini lako kuna mmoja wao ameachia bega, anakimbilia mlangoni.