Nanga ya Mzee Yahmadi

Wamesimulia wazee waliokaa pwani ya Basra, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba zama za kale alikuwako nahodha mchaji aitwaye Wabisa bin Salam. Alikuwa mtu wa kufunga Jumatatu na Alhamisi, ulimi wake haukauki dhikri, na mabaharia walipenda kusafiri naye kwa kuamini kwamba dua yake haianguki chini. Kisa chake hiki si cha kupendeza. Ningependa kuwasimulia kingine, lakini hiki ndicho kinachotufaa watu kama sisi.

Mwaka mmoja Wabisa alichukua mahujaji kutoka pwani ya Uajemi, awafikishe Basra wakaungane na msafara wa Makka. Mkubwa wao alikuwa Sheikh Zurara, mtu wa elimu, mwepesi wa machozi anaposikia jina la Mtume, rehema na amani zimshukie. Njiani tufani iliwakatia amari, yaani ile kamba nene ya nanga, na nanga kubwa ikabaki chini ya bahari. Wakaendelea na nanga ndogo tu, huku wakimshukuru Mola kwamba roho zao zimesalimika.

Walipokaribia mdomo wa mto, asubuhi kweupe, jahazi likapanda fungu la mchanga na matope. Maji yalikuwa yakipwa. Haukupita muda, yakawaacha wamelala upande, omo, yaani sehemu ya mbele, juu na tezi, yaani nyuma, chini, mahujaji wameshikilia mbavu za jahazi kama kuku juu ya dari. Wabisa alijua maana yake. Siku ile ilikuwa ya bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote. Kama jahazi halitatoka maji yatakaporudi, basi maji ya siku zinazofuata yatakuwa machache zaidi na zaidi, nalo litakaa pale mpaka mbao zipasuke.

Njia ya kulitoa ni moja, na kila mwana maji anaijua. Huchukuliwa nanga kwa mashua mpaka kwenye kilindi, ikatoswa huko ishike chini. Maji yanapojaa, wote waliomo jahazini huvuta amari kwa pamoja, na jahazi hujikokota lenyewe kuifuata nanga. Wabisa akapeleka ile nanga yake ndogo. Walipojaribu kuivuta ikaja mbio, haina inachokishika, imebeba tope tu.

Wakati huo kikatokea chombo kidogo kilichopakia tende, kinashuka mto. Mwenyewe alikuwa mzee aitwaye Yahmadi, mtu wa Ubulla, pamoja na baharia wake mmoja. Akatia nanga yake ndogo upande wa pili wa fungu, akaipakia nanga yake kubwa katika mashua, akaja nayo bila ya kuitwa.

Wabisa akamwambia, "Mzee wangu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Lakini ukitupa hii, wewe utabaki na nini?"

Yahmadi akacheka. "Ninacho kile kinanga. Kwa bahari shwari kama hii chatosha. Na kwani utakwenda wapi na nanga yangu, mwanangu? Ada waijua."

Naam, ada aliijua. Watu wa mto ule walikuwa na ada waliyorithi kwa babu zao. Anayepita mwenzake amekwama humwazima nanga, wala hachukui ujira. Aliyeazima akishanasuka hairudishi kimyakimya, bali huisogeza mpaka ubavuni mwa chombo cha mwenyewe, kisha nahodha wake hupaza sauti na kuuliza, "Amana imefika?" Mwenye nanga hujibu, "Imefika, nendeni salama." Na mwenye nanga haondoki alipo mpaka aulizwe swali hilo. Kuondoka kabla yake ni kumdhania mwenzako uhaini, na hilo kwao lilikuwa aibu kubwa.

Yahmadi akarudi chomboni mwake kungoja, na maji yakajaa. Nanga ya mzee ilikuwa imeuma chini barabara. Mahujaji wakaishika amari, wake kwa waume, viganja vikachubuka, na Sheikh Zurara mwenyewe akakunja kanzu akavuta pamoja nao. Jahazi likatikisika, likainuka, likateleza juu ya matope mpaka likaelea. Watu wakapiga takbira wakalia. Wakaipandisha nanga ya Yahmadi, ikiwa bado inachuruzika maji, wakailaza omoni.

Hapo ndipo mtihani ulipoingia, nao uliingia na kilemba cha ibada kichwani. Upepo mzuri wa nyuma ukaanza kuvuma, wa kuwafikisha Basra moja kwa moja. Chombo cha Yahmadi kilikuwa ng'ambo ya fungu. Kumfikia, hata kwa mashua, kulitaka kulizunguka fungu lote dhidi ya upepo na mkondo, kazi ya kutwa nzima.

Sheikh Zurara akasema, "Nahodha, msafara unaondoka kesho baada ya Alfajiri. Tukigeuka sasa, Hija imetupita, na humu wamo vikongwe ambao hawatauona mwaka mwingine."

"Na nanga ya watu, Sheikh?"

"Kwani tunaiiba? Mwenyewe ni mtu wa Ubulla, utampelekea mpaka mlangoni kwake. Mwenyezi Mungu anajua nia zetu."

Wabisa akatazama ng'ambo. Yahmadi alikuwa amesimama omoni mwa chombo chake, ameinua mkono. Miaka mingi baadaye Wabisa alikuwa akisema, "Nilijua ananingoja. Lakini nikajiambia kwamba ananiaga." Naye akainua wake, akaamuru tanga lipandishwe.

Wakawahi. Wabisa naye akaungana na msafara, akahiji pamoja nao, akatufu na kulia penye Multazam, karibu na mlango wa Kaaba. Nanga ya watu aliiacha kwa mtu mmoja mwaminifu wa Basra, imefunikwa vizuri kwa makuti.

Aliporudi aliipakia nanga ile akaenda Ubulla kumrudishia mwenyewe. Aliingia msikitini wakati wa Adhuhuri. Watu wakamsalimia kwa furaha, "Hija makbuli, nahodha," wakamkalisha safu ya mbele. Baada ya sala imamu akatoa mawaidha juu ya kutegemea na kujitahidi, akasema, "Msiwe kama marehemu Yahmadi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtu mzima, mzoefu wa bahari, akasafiri na kinanga cha kuvulia samaki! Dhoruba ya vumbi ilipokuja alasiri ile, kinanga kikaburura, chombo kikavunjikia funguni. Akajiangamiza, akamwangamiza na mtoto wa watu aliyemwajiri. Na wakata matete waliowaokota wanasema hakukuwa na jambo la kumweka pale. Angeondoka asubuhi, angekuwa hai."

Wabisa akauliza jirani yake ni siku gani hiyo. Akaambiwa, naye akajua kwamba ni siku ile ile.

Ndugu zangu, iblisi hana haraka. Alimjia Wabisa kwa sauti ya busara. Mzee amekwisha kufa. Mahujaji wameshatawanyika kwao, mabaharia wamepanda majahazi mengine, hakuna ajuaye. Mpelekee mjane nanga hii uiite sadaka, umwombee marehemu kila sala, na watu wabaki na nahodha wao mwema wanayemwiga. Kuna faida gani kuivunja heshima ya aliye hai kwa ajili ya maiti?

Alikaa na mawazo hayo mpaka imamu akakaribia kufunga mawaidha. Kisha akasimama.

"Yahmadi hakusafiri na kinanga," alisema. "Alikuwa na nanga nzuri kuliko zote mtoni. Nilikuwa nayo mimi. Aliniazima, nikaondoka nayo sikumrudishia, naye akakaa pale kwa sababu alikuwa akiningoja nimwulize kama amana imefika."

Aliyekuwa amekaa karibu naye akasogea pembeni kidogo, na Wabisa alimwona.

Akaibeba ile nanga kwa punda mpaka nyumbani kwa marehemu. Mjane wake, Bi Unaisa, alizungumza naye akiwa nyuma ya pazia la mlango. Wabisa akamweleza yote bila ya kujitetea, wala hakumtaja Sheikh Zurara.

"Kwa hiyo mume wangu hakuwa mzembe?" aliuliza Bi Unaisa.

"Hakuwa, mama. Mzembe ni mimi."

Bi Unaisa akaanza kulia. "Wewe hujui ulilonifanyia. Wanawake kisimani wanamcheka, nami sikuwa na la kuwajibu. Nikawaamini. Tangu afe nimekuwa nikimlaumu. Nasema, Yahmadi, ulishindwaje kubeba nanga ukaniacha hivi? Nimemlaumu hata juu ya mswala, nahodha, badala ya kumwombea. Na kumbe amekufa akishika ada yake."

Wabisa akapiga magoti pale nje. "Nisamehe, mama."

"Haki yangu mimi nimekusamehe, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, maana umekuja mwenyewe na ungeweza usije. Lakini haki ya Yahmadi siwezi kukusamehe. Si yangu. Ningekuwa nayo ningekupa."

"Na nanga je?"

"Mimi mwanamke wa nyumbani nitaifanyia nini? Ipeleke pale alipokuwa akikungojea."

Wabisa akaliuza jahazi lake, akawapa thamani yake warithi wa Yahmadi na wa baharia wake. Akajenga kibanda cha matete kwenye ukingo unaoelekea fungu lile, akakaa humo na nanga na mashua moja. Kila chombo kilichokwama alikipelekea nanga, akawaonyesha mahali pa kuitosa na wakati wa kuvuta. Hakutaka ujira wala sifa. Aliwataka tu wamwombee Yahmadi kwa jina lake. Na waliponasuka walimrudishia, nahodha wao akipaza sauti, "Amana imefika?" Naye hujibu, "Imefika, nendeni salama," kisha huonekana akifuta macho. Katika Ubulla hakuna aliyethubutu tena kumcheka Yahmadi. Bi Unaisa, mpaka alipofariki, alikuwa akipeleka tende kwenye kibanda kile kila msimu.

Wabisa alizeeka hapo hapo. Maradhi ya mwisho yalipompata, mabaharia aliowahi kuwanasua walikuja kumwuguza. Asubuhi moja aliomba alazwe mahali anapoliona fungu. Akatamka shahada. Kisha akakusanya pumzi iliyobaki, akauliza kwa sauti kubwa ya nahodha, kuelekea majini, "Amana imefika?"

Mmoja wa waliokuwapo alimwonea huruma, akafungua kinywa ili amjibu. Wabisa akamzuia kwa mkono. "Usijibu wewe," alisema. "Haikuwa yako."

Akatega sikio. Roho yake ikatoka akiwa katika hali hiyo ya kusikiliza.

Hatujui kama alijibiwa, na tunamtarajia Mola wake mwingi wa rehema kwamba amewakutanisha yeye na mwenye nanga wakiwa wameridhiana. Sisi tuliobaki tunapenda sana kwenda mbio tuwahi kheri kubwa inayoonekana, na nyuma yetu yupo mtu amesimama, ameinua mkono, nasi tunajiambia kwamba anatuaga. Basi aliye na kitu cha mwenziwe na ageuze tanga leo, maadamu mwenyewe yu hai wa kuitikia.