Mkataba wa Kirembe Uitwe kwa Jina la Nani?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na msisinzie, maana mwishoni nyinyi ndio mtakaotoa hukumu.

Nchi mbili, Mavere na Sindo, zilipigania bonde la mto Kirembe tangu enzi za mababu. Bi Mwasiti alikuwa mkalimani wao, maana baba yake alikuwa Mmavere na mama yake Msindo. Dada yake wa pekee, Salha, alikwama ng'ambo ya mto daraja lilipofungwa kwa sababu ya vita.

Dola tatu kubwa zikaja kupatanisha. Kaskazini ilikuwa na jeshi lililoogopwa na kila mtu. Mashariki ilikuwa na mali isiyokwisha. Visiwani haikuwa na adui hata mmoja.

Kaskazini ikaweka askari wake katikati. "Atakayefyatua risasi, atapigana na sisi," akasema balozi wake. Bunduki zikanyamaza. Lakini hakuna aliyethubutu kurudi shambani.

Mashariki ikaahidi kukarabati daraja na kuchimba mifereji bonde zima, mradi wakubwa wa pande zote wakae meza moja. Wakakaa. Wakatukanana mpaka mate yakawakauka, na Bi Mwasiti, masikini, akatafsiri kila tusi.

Visiwani ikamtuma mwanamama mpole aliyeuliza kila upande faraghani, "Hasa mnaogopa nini?" Wasindo waliogopa kunyimwa maji. Wamavere waliogopa kuitwa walioshindwa. "Basi bonde lisiwe la mtu," akasema, "na maji yawe ya wote." Wakakubali! Bi Mwasiti akalia kwa furaha.

Zilibaki sahihi tu. Ndipo ukazuka ugomvi mpya: mkataba uitwe kwa jina la nani?

"Bila askari wetu mngekuwa mnazikana," ikasema Kaskazini.

"Bila ahadi yetu, nani angekuja mezani?" ikajibu Mashariki.

"Na bila sisi mngekuwa mnatukanana mpaka leo," ikasema Visiwani.

Wakabishana asubuhi, wakabishana mchana. Wamavere na Wasindo, maadui wa jana, wakaketi bega kwa bega wakiwasuluhisha wasuluhishi!

Mara habari ikaja kutoka ng'ambo: Salha ni mgonjwa mahututi, anamwita dada yake. Lakini daraja halifunguliwi kabla ya sahihi.

Bi Mwasiti akapiga meza. "Jamani! Dada yangu anakufa pale, nyinyi mnagombea jina?"

Mabalozi wakatazamana. "Basi mama, chagua wewe."

Kabla hajafumbua mdomo, Kaskazini ikamnong'oneza, "Tukikosa sisi, askari wanaondoka." Mashariki ikasema, "Tukikosa sisi, mafundi wanaondoka." Visiwani ikashusha pumzi. "Tukikosa sisi, atakayewasikiliza mkigombana tena ni nani?"

Wote wakamkazia macho.

Haya, mmesikia. Ungekuwa wewe Bi Mwasiti, na dada yako anakusubiri ng'ambo, ungemtaja nani? Au kuna waliostahili zaidi, ila hakuna aliyewataja?