Udi Wenye Uzi Mwekundu

Duka la Bwana Badawi lilinukia mtaa mzima kwa udi wa Zuwena, aliyempikia miaka kumi na miwili. Lakini cheo cha mpishi mkuu kilipozuka, tajiri alitaka kumpa mpwa wake Feisali, ambaye hata sukari ya udi hajui kuiyeyusha.

"Tushindanishe mbele ya wateja," Zuwena akasema. "Pua yako iamue."

Badawi akakubali, kisha akamnong'oneza mpwawe afunge kikopo chake kwa uzi mwekundu ili kitambulike. Zuwena aliwasikia.

Siku ilipofika, udi ukatiwa chetezoni. Wa kikopo cha Zuwena uliwafanya watu wazibe pua. Wa uzi mwekundu ukanukia hadi barabarani.

"Wallahi, aliyepika huu ndiye mpishi mkuu!" Badawi akanguruma. "Na aliyepika ule asikanyage tena jiko langu!"

"Umeapa mbele ya watu, tajiri," Zuwena akasema. "Huo Feisali aliununua jana kwa shangazi yangu, na shangazi hauzi ila ninaoupika mimi."

Feisali akainamisha kichwa.

"Na ule unaonuka?" Badawi akauliza.

"Ule Feisali aliupika mwenyewe. Aliutupa jalalani, nikauokota."