Chungu cha Lindoni

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla Mamba hajajifunza kuogopa pembe, pimbi walikuwa na kisiwa chao katikati ya mto. Walijitawala, wana hakimu wao na soko lao. Ulinzi tu ndio ulikuwa mmoja kwa nchi nzima, na mkuu wake alikuwa Nyati wa bara.

Kila mavuno pimbi walipeleka bara vikapu vya karanga, mchango wa walinzi. Na hao walinzi hawakuwahi kukanyaga kisiwani! Siku Mamba alipomkamata kifungua mimba wa Bi Pimbi, baragumu lililia mpaka mpulizaji akakauka midomo. Nyati alikuwa kwake, anatafuna karanga. Nikilisimulia hili roho yangu huchafuka.

Kisha, bila haya, Fisi mpambe wake akaja kutangaza kuwa mchango umepanda.

Bi Pimbi alighadhibika. Alikuwa na watoto wengine, na Mamba alishaonja. Lakini akajikaza, akasema watatoa maradufu, ila kiwe chakula kilichopikwa, maana desturi ya nchi ni mlinzi kula lindoni.

"Mkuu aje mwenyewe," alisema. "Chungu hatukivushi maji."

Nyati kusikia maradufu, mate yakamtoka. Akavuka, chubwi, chubwi, Fisi mgongoni, mpaka lindo la kisiwa, chungu kilipotengwa. Wanyama wa bara, ambao Bi Pimbi aliwaalika, wakajipanga ukingoni mwa ng'ambo kutazama. Nyati na Fisi wakafakamia mpaka wakakomba chungu, kwaru, kwaru.

Nyati alipofuta mdomo aondoke, Bi Pimbi alipanda jiwe akamvika baragumu shingoni.

"Umekula lindoni, Bwana Mkuu. Zamu ni yako mpaka mwenzako aje kula."

"Mimi hapa ni mgeni tu," Nyati akanguruma.

"Mgeni tungemkaribisha nyumbani. Wewe umekula lindoni, na nchi nzima imekuona."

Ng'ambo wanyama wakaitikia kwa sauti moja kwamba zamu ni yake. Fisi akachupa majini atoroke, mara akarudi mbio, Mamba yuko nyuma yake.

Nyati akatazama bara, akaona macho yote yanamngoja. Akainamisha pembe. Puu! Mamba akarushwa juu, akaanguka chali, akateremka na maji akiugulia ubavu. Hakurudi tena.

Bi Pimbi hakushangilia. Machozi yalimtiririka.

"Kumbe unaweza," alimwambia Nyati. "Basi mwanangu angekuwa hai."

Nyati akalikaza baragumu shingoni. Akabaki lindoni.

Haya, wanangu, shikeni hili: ukila chakula cha mlinzi, linda.